Televisheni Isiyotazamwa Izimwe

Mtu akipita baada ya sala ya isha katika vichochoro vya Ng'ambo, au katika mitaa ya Wete na Chake Chake, anaweza kuisikiliza taarifa ya habari tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake bila ya kupotewa na neno hata moja, kwani kila nyumba anayoipita inasema maneno yale yale. Lakini lau mpita njia huyo atasimama, akapiga hodi na kukaribishwa ndani, ataona jambo la kustaajabisha. Mama yumo jikoni anakaanga samaki. Baba yuko kibarazani na wenziwe. Vijana wameinamia simu zao. Mtoto mdogo yupo juu ya mkeka anachezea kifuniko cha sufuria. Televisheni inasema peke yake ukumbini. Hakuna anayeitazama, wala hakuna aliyekumbuka kuizima.

Tabia hii imeingia katika nyumba zetu polepole, hata leo wengi wetu hatuioni kuwa ni tabia. Tunaamka na kuiwasha kama tunavyofungua dirisha, na tunaizima tunapokwenda kulala, na pengine hata hapo hatuizimi. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa sababu gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na wanaoilipa zaidi ni wale wasioweza kulalamika, nao ni watoto wetu wadogo.

Hatuna ugomvi na televisheni yenyewe. Visiwa hivi vina haki ya kujivunia chombo hicho. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ikaanza kwa picha za rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe tu, au hazikuwa na televisheni kabisa. Ndugu zetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi miaka ya 1990. Wazee wetu waliozishuhudia siku zile wanakumbuka jinsi watu walivyokwenda kwa jirani mwenye seti, au walivyokusanyika mahali pa umma, wakakaa chini, wakatazama, wakacheka pamoja, kisha televisheni ikazimwa na kila mtu akarudi kwake akiyazungumza aliyoyaona. Siku zile televisheni ilikuwa ni mgeni anayekuja kwa wakati wake, akasikilizwa, akaondoka.

Leo mgeni huyo amehamia. King'amuzi kimeleta idhaa nyingi zinazotangaza usiku na mchana, na bei ya seti imeshuka hata nyumba nyingi za kipato cha kawaida zinaweza kuwa nayo. Hayo ni maendeleo, na hatuyapingi. Lakini kitu kinachopatikana wakati wote hupoteza thamani yake. Sauti tuliyokuwa tukiitafuta imegeuka kuwa uvumi wa nyuma, mfano wa feni inayozunguka darini.

Wapo watakaotujibu kwamba hiyo ni sauti tu, haimdhuru mtu, na watatukumbusha methali isemayo kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Methali hiyo ni ya kweli, na inamhusu mwenye nyumba, yaani mtu mzima ambaye sikio lake limekwisha kujua lipi la kushika na lipi la kuacha. Mtoto wa mwaka 1 hakuyafikia hayo. Kwake yeye kila sauti ni mpya na kila sauti inamwita. Hawezi bado kulitenga neno la mama yake na maneno ya watu kumi wanaogombana ndani ya tamthilia.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 50, wa umri wa miezi 12, 24 na 36. Kila mtoto aliachwa acheze kwa saa 1 na vitu vya kuchezea, na katika nusu ya muda huo televisheni iliwashwa hapo chumbani, ikionyesha kipindi cha watu wazima ambacho mtoto hawezi kukifahamu. Watoto hawakukitazama sana. Walikuwa wakikitupia jicho kwa muda mfupi na kurudi kwenye mchezo. Hata hivyo mchezo wao ulikatikakatika, na muda wa kuzama katika jambo moja ulipungua. Kwa maneno mengine, televisheni isiyotazamwa ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya. Mtoto anayejaribu kuweka kopo juu ya kopo alikuwa anavutwa, anaacha, anarudi, anasahau alipofikia.

Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliwavalisha watoto 329, wa umri wa miezi 2 hadi 48, vinasa sauti vidogo ili yajulikane maneno wanayoyasikia katika siku nzima. Ikaonekana kwamba kila saa 1 ya televisheni inayosikika nyumbani iliambatana na upungufu wa maneno yapatayo 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa mtu mzima, na watoto wenyewe nao walitamka machache zaidi. Uchunguzi wa tatu, wa mwaka huo huo, ulionyesha kwamba mzazi aliyekaa na mwanawe huzungumza naye kidogo zaidi televisheni inapokuwa imewashwa, hata kama hakuwa na nia ya kuitazama.

Tunajua kwamba uchunguzi huo ulifanywa katika nyumba za wengine, na nyumba zetu zina watu wengi zaidi, zina bibi na shangazi na watoto wa jirani. Lakini jambo lililopimwa ni lile lile katika nyumba yoyote. Mtoto hajifunzi lugha kwa kumwagiwa maneno. Anajifunza kwa mtu kumtazama usoni, kumwambia neno, kunyamaza kumsubiri, kisha kumjibu kile kigugumizi chake kana kwamba ni hotuba. Televisheni ina maneno mengi kuliko bibi yeyote, lakini haina hata nukta moja ya kumsubiri mtoto.

Katika jambo hili sisi watu wa visiwani tuna jukumu la pekee. Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya msingi wa Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakieneza katika skuli na vitabu vya nchi nne. Lakini Kiunguja hicho hakikuzaliwa kamatini. Kilizaliwa majikoni, vibarazani, mashambani na pwani, na vivyo hivyo Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Mtoto alilijua jina la kaskazi na la kusi kwa sababu babu alimwonyesha upepo. Alijua tanga na foromali kwa sababu alitumwa kuvishika. Aliwajua changu na tasi na kolekole kwa sababu alikaa karibu na aliyekuwa akiwaparua magamba. Maneno ya namna hiyo hayatangazwi katika tamthilia zilizotengenezwa nchi za mbali na kutiwa sauti za Kiswahili. Yasiposemwa nyumbani, hayatasemwa popote.

Tuitazame hadithi ya usiku. Bibi akisema paukwa, hadithi haiendi mbele mpaka watoto waseme pakawa. Akisema kitendawili, anasubiri waseme tega. Wazee wetu hawakusoma vitabu vya malezi, lakini walijua kwamba mtoto lazima ajibu, na kwamba asiyejibu hajasikiliza. Televisheni nayo inasema paukwa kila dakika, lakini haimsubiri mtu. Mtoto wetu amezoea kutojibu. Halafu anapofika skuli na mwalimu akamwuliza swali, akabakia kimya, tunashangaa na kusema watoto wa siku hizi hawana akili.

Wala isidhaniwe kwamba tunasema vyombo vya utangazaji havifai kwa watoto. Zanzibar yenyewe imetoa mfano mwema. Katika miaka ya 2000 vilianzishwa katika vijiji vya Unguja na Pemba vituo vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, ambavyo somo lake lilitoka katika redio. Sauti ya redioni iliwaambia watoto waimbe, wahesabu, waruke, wajibu, na ikanyamaza ili wapate kujibu. Na mlezi alikuwapo hapo kuwaongoza. Somo likimalizika redio inazimwa na mchezo unaendelea. Hivyo ndivyo chombo kinavyotumiwa. Kinawashwa kwa sababu, kinasikilizwa na watu, na kinazimwa kazi yake inapokwisha.

Hasara ya pili ni ya wakubwa. Mila yetu inamtaka mgeni apige hodi mara tatu, na asipojibiwa arudi alikotoka bila ya kinyongo. Hodi hiyo ilitungwa kwa nyumba tulivu. Leo jirani mzee, ambaye sauti yake imekwisha kupungua, anapiga hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu mbele ya mlango ulio wazi, na ndani yumo mtu, lakini sauti ya televisheni imemshinda. Anarudi zake akidhani hatakiwi. Pengine alikuja kuomba dawa, pengine alikuja kuaga. Na hata akiingia, anakaa kochini akiongea, na macho ya mwenyeji yanakwenda kwake na kurudi kwenye skrini. Mazungumzo ya namna hiyo hayamchukui mtu mbali. Mgeni anakunywa chai yake, anaondoka, na lile lililomleta halikusemwa.

Kisiwa cha Unguja kimewahi kuonjeshwa ukimya. Mwaka 2008 kilikaa takribani mwezi mmoja bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa takribani miezi 3. Hatumtakii mtu yeyote dhiki ile. Maji yalikatika, samaki waliharibika, biashara zilianguka, na waliokuwa na majenereta waliyangurumisha usiku kucha. Lakini katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na jenereta, watu walitoka nje na mikeka yao, wakakaa chini ya mbalamwezi, na watoto wakasikia kwa mara ya kwanza jinsi baba yao alivyomposa mama yao. Umeme uliporudi tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kosa letu ni kwamba usiku ule ule tulirudi ndani, na mikeka ikakunjwa.

Hasara ya tatu inawahusu moja kwa moja watumishi wa Serikali wanaotusoma. Sikio lililozoeshwa kusikia bila ya kusikiliza haliamki kwa amri. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kupitia vyombo vya habari. Matangazo ya namna hiyo, kama yale ya kipindupindu, ya chanjo na ya usalama wa vyombo vya baharini, hutolewa kwa fedha za umma na kwa nia njema. Lakini tangazo linapopita katika nyumba ambayo televisheni imekuwa ikisema tangu alfajiri, linapita pamoja na tangazo la sabuni na la soda, na wote hao watatu husahauliwa kwa pamoja. Mtangazaji atasema watu wameambiwa. Mwananchi naye atasema hakuambiwa. Na kila mmoja atakuwa anasema anachokiamini.

Kwa hivyo tungependa kuwaomba wakuu wa ofisi na vituo vya afya walitazame jambo hili ndani ya milango yao kwanza. Si ajabu leo kuingia katika chumba cha kungojea wagonjwa na kuikuta televisheni juu ya ukuta inapiga kelele, huku muuguzi akilazimika kuita jina la mgonjwa mara nne, na mzee aliyefika tangu asubuhi akapitwa na zamu yake. Wanaongoja wanastahili kufarijiwa, hatukatai. Lakini picha inaweza kuonyeshwa kwa sauti ya chini, na pahali panapoitwa majina pawe pahali pa kusikika. Jambo hili halihitaji fungu katika bajeti. Linahitaji mtu wa kushika rimoti.

Aidha, tunaiomba Wizara ya Afya iwaelekeze wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wawaambie wazazi ukweli huu kwa lugha nyepesi, wakati ule ule wanapowaeleza juu ya chanjo na lishe. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mwenye umri wa miaka 2 hadi 4 asikalishwe hapo zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ni wazazi wangapi waliokwisha kuambiwa hivyo? Masheha nao, na walimu wa skuli na wa vyuo, wana nafasi ya kulisema. Na Shirika la Utangazaji la Zanzibar, pamoja na wenziwe wa binafsi, watafanya jambo jema wakizidisha vipindi vya watoto vinavyouliza na kusubiri jibu, kuliko vile vinavyosema bila ya kupumua.

Tunajua kwamba si kila anayeiacha televisheni iseme peke yake ni mzembe. Yuko mjane ambaye wanawe wamekwenda Dar es Salaam au Muscat kutafuta riziki, naye anaiwasha ili nyumba isiwe kama kaburi. Huyo hatumlaumu. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi majirani tulioacha mashine ifanye kazi ya kumtembelea. Yuko pia mama mwenye watoto watatu na moto jikoni, anayemweka mdogo wao mbele ya skrini ili asikaribie mafuta yanayochemka. Naye tunamfahamu, na nusu saa ya namna hiyo haimharibu mtoto. Tunayemwomba abadilike ni yule mwenye televisheni iliyowashwa kwa saa kumi ambazo hazina sababu yoyote, ila kwamba iliwashwa asubuhi.

Na kama hoja ya watoto na wageni haikumgusa mtu, basi na tuihesabu mita. Seti ya kawaida ya siku hizi hutumia umeme wa wati 50 hivi. Ikiachwa kwa saa 10 bila ya mtazamaji, imekula nusu uniti kwa siku, na uniti 15 kwa mwezi. Nyumba 1,000 za namna hiyo zinapoteza uniti 500 kila siku, nao ni umeme unaovuka bahari kwa waya kutoka Bara kuja kwetu. Mwananchi anayelalamika kwamba uniti za Tukuza haziwekeki angeanzia hapo.

Hatupendekezi sheria wala faini. Mambo ya ndani ya nyumba hayaendeshwi kwa faini. Tunapendekeza desturi tatu ambazo kila nyumba inaweza kuzianza usiku wa leo. Kwanza, televisheni iwashwe kwa ajili ya kipindi kinachojulikana, na kipindi kikimalizika izimwe. Pili, isiwepo sauti yake wakati wa chakula, wala wakati kuna mgeni, isipokuwa kama mgeni mwenyewe amekuja kuitazama. Tatu, pahali anapocheza mtoto asiyetimiza miaka 2, pasiwe na televisheni inayosema bila ya kutazamwa. Anayependa mpira na atazame mpira wake wote, na anayefuata tamthilia na aifuate. Tunachokiomba ni kwamba mwenye kutazama atazame kweli, na asiyetazama azime.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Kila siku, mara tano, adhana inapoadhiniwa, utaona katika nyumba nyingi za visiwa hivi mkono unanyooka na kuipunguza televisheni sauti bila ya kuamrishwa na mtu. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua kwamba kuna sauti inayostahili kusikika kuliko ile ya skrini. Mkono huo huo unaweza kunyooka mtoto anapolitamka neno lake la kwanza, na jirani mzee anapopiga hodi mlangoni. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu zamani ulikuwa nje, ukimsubiri mtoto akue. Sasa umo ndani, ukumbini, unasema tangu alfajiri. Na mama akitaka kumfunza mwanawe, hana budi kwanza aunyamazishe.